UFO, keshia, na malalamiko niliyoyafunga mapema

Haya jamani, leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu UFO. Msicheke kwanza!

Nimekuwa nikisoma habari za watafiti wa kujitolea wa mambo haya, na kilichonivuta si viumbe wa sayari nyingine. Ni ugomvi wao kuhusu ushuhuda: mtu akisema ameona kitu angani, tumpime vipi?

Kati ya 1947 na 1969, Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 katika mradi wa Blue Book na miradi iliyoutangulia. Ripoti 701 zilibaki bila maelezo. Kambi moja ikasema hao ndio wageni wenyewe. Nyingine ikasema hapana, hizo ni ripoti zenye taarifa pungufu tu.

Mshauri wa mradi huo, mwanaastronomia J. Allen Hynek, alichekwa nchi nzima mwaka 1966 aliposema baadhi ya taa zilizoonekana Michigan huenda ni gesi ya kinamasi. Baadaye yeye mwenyewe aliulaumu mradi kwa kukimbilia majibu mepesi, na mwaka 1973 akaanzisha kituo chake cha utafiti, CUFOS. Mchunguzi wa kituo hicho, Allan Hendry, alifuatilia ripoti 1,307 na kuchapisha matokeo mwaka 1979. Karibu tisa kati ya kila kumi zilikuwa na maelezo ya kawaida: nyota, sayari, ndege za matangazo zenye taa. Lakini mashahidi wengi hawakuwa waongo. Kitu walikiona kweli. Walichokosea ni kukipa jina.

Halafu yuko Jacques Vallée, mtaalamu wa kompyuta kama sisi, aliyewahi kufanya kazi kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Yeye anaamini kuna jambo la kweli, ila mwaka 1990 alichapisha hoja tano kupinga dhana ya wageni wa sayari nyingine. Mojawapo: ripoti ni nyingi mno kuwa safari za kuchunguza dunia. Yaani ushuhuda anaupokea, nadharia anaikataa.

Hapo nikamkumbuka keshia mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya mauzo ya duka moja la jumla Mombasa. Keshia akanipigia: "Kaka, jioni duka likijaa, hesabu hainilingani. Kuna mtu anaingia kwenye mashine usiku." Nikaangalia kumbukumbu za mfumo. Hakuna aliyeingia. Nikaandika "kosa la mtumiaji", nikafunga. Akapiga tena, nikafunga tena.

Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe, nikakaa nyuma ya kaunta hadi saa mbili usiku. Mtandao ulipolegea, programu yangu ilituma mauzo yaleyale mara mbili. Mfumo ukadai pesa ambazo hazikuwahi kuingia kwenye droo. Na upungufu huo ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara wa yule dada, miezi miwili sasa.

Nadharia yake ilikuwa na makosa, na mimi nikaitumia kutupa ushuhuda wake, ambao ulikuwa sahihi kabisa hadi saa na hali ya duka. Blue Book walilaumiwa kwa kosa hilohilo. Waumini wa visahani hulifanya kinyume: kwa kuwa shahidi ni mkweli, wanameza na nadharia yake.

Siku hizi fomu yangu ya malalamiko ina sehemu mbili: "umeona nini" na "unadhani ni nini". Pia nimeongeza hali ya tatu, "bado haijulikani", na hiyo haifungwi hadi sababu ipatikane.

Mwenye duka alimrudishia pesa zake. Mimi nilichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kumpigia kumwomba radhi.

Wewe je, umewahi kufunga jambo ambalo lilikuwa kweli?