Mashine Hii Ilikuwa ya Nani?

Sisi tuliokulia Changamwe na Likoni, Mombasa, enzi zile kila nyumba ikiwa na mtu bandarini au relini, tulilelewa kuheshimu karatasi. Mzigo haukutoka getini bila hati, na hati haikupita bila muhuri. Karani wa tali angekwambia gunia hili limeshuka meli gani, limepakiwa wapi, mwenyewe nani, na kama lililowa maji kabla ya kushushwa au baada. Watu hao hao, wajuao asili ya kila katoni iliyopita Kilindini, hawakuandika hata mstari mmoja juu ya mashine walizozifanyia kazi. Nayasema haya kwa sababu vijana wameanza kutuuliza, nasi tunawajibu kwa hadithi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilifunga Nairobi kompyuta aina ya ICT 1202, inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini. Ilitengenezwa Uingereza. Ilitumia valvu za vioo, kumbukumbu yake ilikuwa ngoma ya sumaku inayozunguka, na chakula chake kadi zilizotobolewa. Babu yake, mashine ya majaribio ya HEC ya mwaka 1951, imehifadhiwa Uingereza hadi leo na mwenyewe anajulikana. Yetu ifuatilie uone. Shirika lililoileta lilikuwa la nchi tatu. Mwaka 1969 likakatwa vipande viwili, Reli makao yake Nairobi, Bandari makao yake Dar es Salaam. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika, na mwaka uliofuata sisi wa Mombasa tukaamka tuko chini ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, kazi ile ile, mwajiri mwingine.

Kugawa mirathi ya Jumuiya kulichukua miaka. Msuluhishi, Mswisi Victor Umbricht, alizunguka na madaftari yake hadi mkataba ukatiwa saini Arusha mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwa sehemu kubwa mali ilibaki ilipokutwa, na Uganda, iliyokutwa na upungufu, ikaahidiwa fidia. Ilikuwa hesabu ya vichwa vya treni, meli, ndege, majengo na pensheni. Nani angesimama Arusha kuulizia mashine ya kadi? Kitu cha ofisini kilikuwa cha mwenye ufunguo wa ofisi.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Forodha ikaingia mfumo wa Simba mwaka 2005, uliotokana na ule wa Senegal, na bandari ikapata mfumo wake wa KWATOS mwaka 2008. Kila mgeni alipoingia, wa zamani alitolewa kwa mlango wa nyuma.

Wenzetu huko Marekani nao hawakuzaliwa na hekima. Kompyuta ya Apple-1 ya mwaka 1976 iliundwa kiasi cha 200 tu, ikauzwa dola 666.66, na kampuni yenyewe ilizikubali zirudi kwa punguzo la bei ya Apple II kisha ikaziharibu. Leo kila moja iliyosalia imo katika orodha, na mwenyewe wa kwanza hutafutwa kama shahidi wa ndoa. Mwaka 2014 moja ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Henry Ford kwa dola 905,000. Nyingine, yenye kasha la mti wa koa, ilinadiwa mwaka 2021 ikafika 400,000 kabla ya ada. Hiyo ilikuwa na wenyewe wawili tu: profesa wa Chuo cha Chaffey, California, na mwanafunzi wake aliyeuziwa kwa dola 650 mwaka 1977. Wawili, na wote wanaelezeka. Bei imo humo.

Basi mwezi uliopita kijana mmoja wa Kisauni aliniletea mfuko wa plastiki, ndani yake kompyuta ya Sinclair ZX Spectrum. Ni kidude cheusi chepesi, vibonye vya mpira wa kijivu vimelika kwenye herufi zinazotumika sana, mistari minne ya rangi kwenye kona, na chini nambari inayosomeka nusu. Aliipata kwa muuza skrepa wa Magongo. Niliitambua, kwani ilikuja Likoni katika sanduku la binamu yangu, baharia wa Mtongwe, katika miaka ya themanini, wakati kuagiza kitu nje kulihitaji leseni na pesa za kigeni zilihitaji maombezi. Tuliiunga kwenye runinga isiyo na rangi, tukaipakia mchezo kwa redio kaseti inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia, na wavulana wa mtaa mzima wakajipanga barazani. Binamu alipobanwa na karo, akaiweka rehani kwa fundi redio wa Mlaleo.

Cha kuchekesha, mmiliki mwenye kumbukumbu safi kuliko wote ni yule wa skrepa. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka aandike alichonunua na kwa nani, na tangu serikali iliposimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa mwaka 2022 kwa sababu ya wezi wa nyaya na vyuma vya umeme, wengi hawachezi na daftari. Kijana ameniambia Spectrum yetu imeandikwa humo: plastiki na bodi, mchanganyiko.

Alichotaka kwangu ni barua ya kueleza mashine hiyo ilipitia mikono ya nani. Nami nilikuwa tayari, mpaka aliponiomba niandike kwamba ilitumika bandarini, ofisi ya mizigo, ipate uzito kwa wanunuzi wa ng'ambo. Nikakataa. Niliandika ya baharia, ya runinga, ya rehani, nikaacha nafasi tupu kutoka kwa fundi hadi Magongo.

"Babu, hilo pengo litashusha bei," akasema.

"Litashusha. Lakini mjane wa fundi yu hai, yuko Mtopanga. Kamuulize nani aliitoa dukani, umwandikie na yeye barua yake atie kidole. Yangu nimeshatia saini."