Peru kwa Wawili: Jifunze Kwanza Kusema "Sisi"

Siku ya kwanza tukiwa Lima nilicheka mpaka machozi. Mume wangu aliona neno "papa" kwenye menyu, akakumbuka papa wa nazi wa kwao Tanga, akaagiza haraka haraka. Ikaja sahani ya viazi baridi vilivyomwagiwa sosi ya jibini na pilipili! Kumbe kule papa ni kiazi. Neno lenyewe ni la Kikechua, lugha iliyotumika katika dola ya Wainka, na hata kiazi asili yake ni milima hiyo hiyo ya Andes.

Siku mbili baadaye hakuna aliyekuwa akicheka.

Tulikuwa tumejibana miaka miwili ili tusherehekee miaka mitano ya ndoa nchini Peru. Kutoka Lima, mji ulio pwani, tukapanda ndege mpaka Cusco, kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Saa moja na ushee tu angani, mwili unapandishwa mlima bila kuulizwa. Usiku ule kichwa kilinigonga kama ngoma, nikatapika, usingizi sikuuona. Mwenzangu, aliyewahi kupanda Kilimanjaro akiwa chuo, alikuwa mzima kabisa. Asubuhi akavaa buti. "Tumeshalipia matembezi," akasema. "Tukikaa hapa hela inapotea." Akaenda.

Nililia, nisikufiche.

Mama mwenye nyumba ya wageni akaniletea chai ya majani ya koka na supu. Binti yake, anayejua Kiingereza, akawa mkalimani wetu. Mama aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikajibu, "Leo tuna matembezi." Mama akaguna, akasema kwa Kikechua kuna "sisi" mbili. Ukisema noqanchis, unamjumlisha unayezungumza naye: mimi, wewe, wote. Ukisema noqayku, ni sisi bila wewe. Halafu akauliza, hiyo "tuna" ya mumeo ni ipi?

Msomaji, Kiswahili chetu ni kitamu, lakini "tu" yetu haisemi nani yumo na nani ameachwa. Ni wangapi kati yetu tunaambiwa "tumeamua kujenga", "tumeamua kuhama", wakati hata hatukuulizwa?

Jioni mume wangu akarudi na picha. "Tumefika mpaka juu!" Nikamwambia habari ya zile "sisi" mbili. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba msamaha. Kesho yake tulishuka Ollantaytambo, kama mita 2,800, tukapumzika siku mbili. Kichwa kikapona. Machu Picchu, ambayo ipo chini kuliko Cusco, kwenye mita 2,430 hivi, tuliiona pamoja, tumeshikana mikono kama wachumba.

Kama nanyi mnapanga kwenda, haya ndiyo niliyojifunza.

Lugha. Kihispania ndicho kitakachokubeba mjini, kwa sababu nje ya hoteli Kiingereza ni cha kubahatisha. Jifunzeni salamu, namba na "cuánto cuesta" (bei gani). Sokoni mwite mama muuzaji "casera". Naye atakuita hivyo hivyo, kama sisi tunavyoitana "kastoma", na bei hulegea kidogo. Ila milimani watu wengi lugha yao ya kwanza ni Kikechua. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.5 waliokulia katika lugha hiyo, na upande wa Ziwa Titicaca utasikia pia Kiaymara. Ukisema "Allillanchu?" (hujambo?) utajibiwa "Allillanmi", na uso wa mtu utabadilika palepale. Asante ni "sulpayki". Kwa Mswahili Kikechua si kigumu sana, maana nacho hupachika vipande kwenye neno, ila vinakaa mwishoni: wasi ni nyumba, wasiy ni nyumba yangu.

Mwinuko. Msirudie kosa letu. Mkitua Cusco, shukeni moja kwa moja kwenye bonde la Urubamba mlale huko kwanza. Siku mbili za mwanzo tembeeni taratibu, kunyweni maji, pombe iacheni. Muoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga. Mmoja akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, msingoje asubuhi: shukeni na mwende hospitali. Na kuwa mzima mwaka jana mlimani si hakikisho la mwaka huu.

Wakati. Mei mpaka Septemba ni kiangazi milimani, mchana jua, usiku baridi kali. Tiketi za Machu Picchu zina kikomo, zinunueni mapema. Ile njia ya miguu ya Wainka hufungwa kila Februari, na hairuhusiwi bila kiongozi mwenye leseni.

Mengineyo. Ulizieni viza mapema, na kadi ya homa ya manjano isikose begini, hasa mkienda upande wa Amazon. Hela yao ni sol. Bebeni noti ndogondogo. Maji ya bomba msinywe. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo, si chooni. Majani ya koka ni halali Peru, lakini usithubutu kurudi nayo nyumbani.

Siku hizi kwetu mtu akianza sentensi na "tumeamua", mwenzake huuliza, "Noqanchis au noqayku?" Mara nyingi tunacheka. Mara nyingine tunakaa chini na kuanza mazungumzo upya.

Safari njema, wote wawili!