Kisima na Nyumba

Kwetu visiwani kisima kikiwa karibu na nyumba ni neema. Shimo la choo ndilo linalosogezwa mbali. Kwa hiyo nilipoanza kufasiri kanuni za mji wa Denton, Texas, kalamu ilisita: huko kisima ndicho kinachoogopwa. Ni kisima cha gesi, na mwaka 2013 baraza la mji liliagiza kiwe umbali wa futi 1,200, yaani takriban mita 366, kutoka makazi ya watu. Novemba 2014 wapiga kura wakaharimisha kabisa kupasua miamba kwa shinikizo la maji. Mei 2015 jimbo likapitisha sheria iliyoipokonya miji mamlaka juu ya uchimbaji. Juni, Denton ikafuta marufuku yake.

Miji iliachiwa mambo ya juu ya ardhi: kelele, taa, magari, hata umbali, madhali kanuni zenyewe ziwe za kuingia akilini kibiashara. Fungu hilo la maneno lilinikalisha siku mbili. Akili ya nani? Mfanyabiashara anayo yake, na mama anayeanika nguo jirani na mtambo anayo yake. Nimeandika “kwa hesabu ya mfanyabiashara”. Mhariri akitaka kulainisha, nitakataa.