Dawa ya Deni Si Hirizi

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Methali hii niliikariri nikiwa shule ya msingi, nikaiandikia insha nikiwa shule ya upili, na nikaichambua kisemantiki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Hata hivyo, sikuielewa barabara hadi kaka yangu mkubwa aliponitumia barua tatu kutoka Leicester, Uingereza, akitaka nizikague kwa upande wa lugha. Ninayoyasimulia hapa si ya kumwaibisha. Ameniruhusu niyaandike mradi nisilitaje jina lake. Nayaandika kwa kuwa yananihusu kama mwanafunzi wa lugha, na kwa kuwa, kama msomaji atakavyoona, sehemu ya deni lenyewe ilikuwa yangu.

Kaka alivuka bahari mwaka 2014 kwenda kutafuta riziki. Alipata kazi ya zamu za usiku katika makao ya wazee, akawa anawalisha na kuwaosha wazazi wa watu ilhali wazazi wake mwenyewe wako Vihiga. Nasi tuliobaki nyumbani tulimwona kama kisima kisichokauka. Paa la mama likivuja, tulimpigia kaka. Mjomba alipofariki, mchango wa kaka ndio uliokuwa mnono kuliko yote. Karo yangu ya chuo tangu mwaka 2018 ilitoka kwa kaka. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza maji ya kisima hicho yalitoka wapi.

Mwaka 2022, nikiwa naukaribia mtihani wangu wa mwisho, aliniandikia hivi: "Mdogo wangu, wewe ndiwe mtu wa lugha. Nisomee barua hizi uniambie kama zimesimama."

Nilizisoma usiku huo huo. Zilikuwa zimeandikiwa mkopeshaji aliyekuwa akimdai. Ya kwanza ilisema kwamba mwandishi yu tayari kulipa, ila kwanza aletewe mkataba wa asili wenye sahihi za wino za pande zote mbili, pamoja na hati ya kiapo ya ofisa atakayethibitisha kuwa mkopeshaji alipata hasara. Ya pili ilimshutumu mkopeshaji kwa kutotimiza hayo. Ya tatu ilitangaza kwamba, maadam mkopeshaji amenyamaza, kimya chake ni ridhaa kwamba deni halipo, na kila barua atakayoiandika tena atatozwa ada. Ilitaja pia ibara ya 61 ya Magna Carta ya mwaka 1215. Kaka hakujiandika majina yake matatu kama yalivyo katika kitambulisho. Alijiita mtu hai wa ukoo fulani, akatia nukta pacha katikati ya majina, akabandika stempu ya posta chini ya ukurasa, na juu yake akapiga alama ya kidole gumba kwa wino mwekundu.

Alinieleza kuwa vielelezo hivyo aliuziwa na mfanyakazi mwenziwe kwa pauni 60, pamoja na mafunzo ya jioni mbili. Mafunzo hayo yalikuwa hivi: kila mmoja wetu ni watu wawili. Kuna mtu wa nyama na damu, na kuna mtu wa karatasi aliyeundwa na serikali kupitia cheti cha kuzaliwa, ambaye jina lake huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Deni ni la huyo wa karatasi. Sheria zinazotungwa na bunge hazimfungi mtu hai asipozikubali. Kinachomfunga ni ile sheria iliyojengwa na majaji wa Kiingereza kwa karne nyingi, hukumu juu ya hukumu, ambayo wanasheria huiita sheria ya kawaida.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilifurahi kuulizwa. Nilikuwa nimetoka kusoma kuhusu sajili za lugha, nami nikaona barua hizo zimeivaa sajili ya mahakama vilivyo: istilahi nzito, sentensi ndefu, mshikamano usio na dosari. Nilisahihisha makosa mawili ya viakifishi, kisha nikamjibu kaka kwa fahari, "Zimesimama." Sikumwuliza anadaiwa kiasi gani. Sikumwuliza alikopa kwa ajili gani.

Barua zikatumwa kwa rejista. Mkopeshaji aliliuza deni kwa kampuni ya kukusanya madeni, nayo ikafungua kesi. Nchini Uingereza, anayepokea hati ya madai huwa na siku 14 za kujibu, na akikiri kuipokea hupata hadi siku 28 za kuwasilisha utetezi. Kaka aliichukua hati hiyo, akaandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba hakuna mkataba, akairudisha. Mahakama haikuyahesabu maandishi hayo kuwa utetezi. Hukumu ikatolewa pasi na yeye kusikizwa, deni likaongezewa gharama za kesi, na jina lake, lile la herufi kubwa, likaingia katika daftari la hukumu ambamo hukaa miaka sita asiyelipa mapema. Aliyajua haya alipokataliwa nyumba ya kupanga, na baadaye madalali wa mahakama walipobisha mlangoni alfajiri, akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Aliponipigia simu hakuzungumza kwa dakika nzima. Nilisikia pumzi zake tu.

Baada ya simu hiyo ndipo nilipoanza kuchunguza kile nilichokuwa nimekisifu. Fikra hizi hazikuanzia Uingereza. Zilipata umbo nchini Marekani katika miaka ya 1970, miongoni mwa makundi yaliyoikataa serikali kuu na kodi zake. Katika miaka ya 1980, wakulima wengi wa huko walipolemewa na mikopo, kukatokea watu wa kuwauzia karatasi za kuyafuta madeni yao. Kutoka huko zikaenea hadi Kanada, Australia, Ailandi na Uingereza. Mwaka 2012, jaji John Rooke wa jimbo la Alberta, Kanada, aliandika hukumu yenye aya zaidi ya 700 katika kesi iliyoanza kama talaka ya kawaida. Alizikusanya hoja za aina hii moja baada ya nyingine, akaonyesha kwa nini haziwezi kufaa mahakamani, na akawakemea hasa wale wanaozichuuza, kwa sababu mchuuzi hupokea pesa zake na kumwacha mnunuzi apande kizimbani peke yake.

Nilipoyasoma hayo, nilikumbuka hirizi. Sote tunajua hirizi ilivyo: kijikaratasi chenye maandishi, kikakunjwa, kikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa. Anayeivaa hahitaji kukisoma kilichoandikwa. Nguvu anayoitarajia haimo katika maana, bali katika umbo: wino fulani, mikunjo fulani, idadi fulani. Barua za kaka zilikuwa hirizi. Wino mwekundu, stempu, nukta pacha, barua tatu wala si mbili. Zilifanana na sheria jinsi kinyago kinavyofanana na mtu.

Mojawapo ya masharti aliyopewa ni kwamba asithubutu kumwambia jaji kuwa ameelewa. Eti neno la Kiingereza understand, likikatwa vipande viwili, lina maana ya kusimama chini, na anayelitamka amejisalimisha. Msomaji mpendwa, hebu tukipime kipimo hiki kwa lugha yetu. Kitenzi elewa kinatokana na elea, na elea hutumika kwa chombo kinachokaa juu ya maji na vilevile kwa jambo lililo wazi akilini. Ndiyo maana tunasema jambo fulani halituelei. Je, mshtakiwa akimwambia hakimu wa Mbale kuwa ameelewa, hakimu aandike kwamba mtu huyu amekiri kuwa bahari? Maana ya neno huamuliwa na jamii inayolitumia, haiamuliwi na anayelipasua kwa shoka nyumbani kwake.

Katika kozi ya pragmatiki tulifundishwa nadharia ya vitendo-uneni ya J. L. Austin, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake. Mwenyekiti akisema "nafungua mkutano", mkutano umefunguliwa. Mpita njia akiyasema maneno yayo hayo dirishani, hakuna kilichofunguka. Maneno hutenda pale tu masharti yanayotambuliwa na wote yanapotimia. Nilipata alama nzuri katika mtihani huo. Walakini, kaka aliponiletea kitendo-uneni kisicho na sharti hata moja, nilihesabu viakifishi.

Hata kimya kilitumiwa vibaya. Tunayo methali kuwa kimya nacho ni jibu, lakini ni jibu pale ambapo desturi imekubaliana hivyo. Rafiki yangu anayesomea sheria alinionyesha kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1862. Mtu mmoja alimwandikia mwana wa nduguye kuhusu farasi, akasema asipopata jibu atamhesabu farasi huyo kuwa wake. Mahakama ilikataa: huwezi kumtwika mwenzako mkataba kwa kunyamaza kwake. Uamuzi huo ni sehemu ya sheria ya kawaida yenyewe, ile ile ambayo kaka aliambiwa itamwokoa. Nayo ibara ya 61 ya Magna Carta iliwapa makabaila 25 uwezo wa kumdhibiti Mfalme John. Hati ilipotolewa upya mwaka 1216, ibara hiyo iliachwa nje.

Rafiki huyo alinikumbusha pia kuwa jambo hili haliko mbali nasi. Sheria ya mwaka 1967 inayoongoza mahakama za Kenya huzitaka zifuate kiini cha sheria ya kawaida, kadiri hali za wananchi zinavyoruhusu. Nasi twajua mahakama zetu humlazimisha mdeni kulipa. Ahadi ya kulipa deni ni miongoni mwa mambo ya kale kabisa ambayo sheria ya kawaida ililinda, tena kwa ukali. Zamani hizo mdeni alifungwa jela. Baba yake Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, mwaka 1824 kwa sababu ya deni. Kilichokomesha sehemu kubwa ya vifungo hivyo ni sheria ya bunge ya mwaka 1869.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipozidi. Sheria za bunge, zile alizofundishwa kuzikataa, ndizo zilizokuwa ngao yake. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974 humruhusu mkopaji wa Uingereza kudai nakala ya mkataba na hesabu ya deni kwa ada ya pauni moja. Asipopewa, mkopeshaji hawezi kupata amri ya kumlazimisha kulipa hadi ampe. Sheria ya mwaka 1980 huzuia madai mengi ya mikataba yasiyopelekwa mahakamani kwa miaka sita. Tangu Mei 2021, mdeni wa Uingereza na Wales anaweza, kupitia mshauri wa madeni, kupewa siku 60 za kupumua ambapo riba na hatua nyingi za kumsumbua husimamishwa. Ushauri wenyewe hupatikana bure. Kaka alilipa pauni 60 ili aikatae ngao ya bure.

Hatimaye alimwendea mshauri wa aina hiyo. Aliombwa aandike orodha ya kila mkopo na kazi uliyoifanya. Nilimwomba anitumie nakala. Deni zima lilikuwa pauni 7,400. Mstari wa tatu ulisema: karo, muhula wa pili, 2019. Wa tano: karo na malazi, 2020. Wa nane: kompyuta ya mdogo wangu. Nilijumlisha. Pauni 3,100 zilikuwa zangu.

Mchuuzi wa barua alikuwa amemwambia pia kwamba benki haikumkopesha chochote, kwa sababu benki huumba pesa kwa kuziandika tu. Hapo pana chembe ya ukweli: mwaka 2014, Benki Kuu ya Uingereza ilieleza kuwa benki za biashara zinapokopesha huumba amana mpya. Lakini amana hiyo ni deni la benki kwa mkopaji, naye akiitumia, mwingine hupokea. Mimi niliketi darasani. Nililala katika bweni. Karo yangu haikulipwa kwa hewa.

Nilimwuliza kaka kwa nini hakutuambia. Alisema, "Ningeanzaje? Mama huwaambia watu kanisani kuwa niko Ulaya." Kumbe hakununua barua zile kwa tamaa ya kudhulumu. Alizinunua kwa kuwa zilikuwa kitu cha kwanza kumwambia kuwa hakushindwa, na kwa kuwa neno "sina" lilikuwa zito mno kulitamka kwetu.

Mahakama imempangia kulipa kwa awamu. Mimi sasa nafundisha huku nikiendelea na masomo ya uzamili, na kila mwisho wa mwezi humtumia shilingi 8,000. Mwanzoni alizirudisha. Nilizituma tena, nikamwandikia kuwa dawa ya deni ni kulipa, na kwamba mdeni niliyemkusudia ni mimi.

Enyi wanachama wenzangu, sisi watu wa lugha tutaendelea kuletewa karatasi na ndugu na majirani watusomee. Tusikimbilie viakifishi. Tuweke kalamu chini kwanza, tumwulize aliyeileta: unadaiwa kiasi gani, na ni nani mwingine anayejua?