Tangi ni bafa tu: maji taka, gari la kulala na masharti ya mama

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sababu ya kimya hicho imeegeshwa uani kwa mama, hapa Wamagana: Toyota HiAce kuukuu, iliyowahi kuwa matatu, ambayo mimi na mdogo wangu tumeigeuza kuwa gari la kulala. Kitanda kipo, jiko la gesi lipo, sinki ipo. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya Python na hifadhidata, vumilieni kidogo. Leo nazungumzia maji taka, na mtaona si mbali sana na kazi yetu ya kila siku.

Kwanza niwaeleze kwa nini tulianza. Mama ameiona milima ya Nyandarua tangu azaliwe. Asubuhi ikiwa haina ukungu, iko pale juu ya mashamba ya chai. Lakini hakuwahi kuingia hata siku moja katika Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950. Wageni wanatoka ng'ambo, wanapita Ihururu, wanapanda hadi lango la Kiandongoro, wanalala huko juu, wanarudi na picha. Mama anabaki kuwauzia ndizi barabarani.

Tulipomwambia tumpeleke, hakuuliza kuhusu chakula wala baridi. Aliuliza choo. Magoti yake hayamruhusu tena kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, na kambi nyingi za umma zina choo cha shimo tu. Tena usiku kule kuna nyati na ndovu, huwezi kumwambia mama wa umri wake atembee gizani na tochi. Kwa hiyo bila choo cha kukalia ndani ya gari, hakuna safari. Hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza.

Matangi matatu

Magari ya kulala ya Marekani na Ulaya kwa kawaida hutenganisha maji mara tatu. Kuna tangi la maji safi. Kuna tangi la maji ya kijivu, yaani yaliyotoka kwenye sinki na bafu. Kisha kuna tangi la maji meusi, la choo. Huko kwao ukimaliza safari unaendesha hadi kituo maalumu cha kumwagia, unaunganisha bomba, unafungua vali, unaondoka. Huku kwetu hakuna vituo vya namna hiyo kando ya barabara. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mimi kama mtu wa programu nilianza na hesabu. Watu wanne, siku tatu, lita 10 za maji safi kwa kila mtu kwa siku. Hiyo ni lita 120. Kila mtu akinywa kama lita 3 kwa siku, chai na supu zikiwemo, zinatoka lita 36. Zilizobaki, lita 84, zote zinapita kwenye sinki na kuingia kwenye tangi la kijivu. Fundi wetu alikuwa ametukatia nafasi ya mtungi wa lita 40. Nikamwonyesha hesabu. Ukiingiza nyingi kuliko nafasi uliyotenga, zitafurika. Sinki haina ujumbe wa kosa, inamwaga tu sakafuni.

Kisha nikapiga hesabu ya choo. Mtu mzima hutoa mkojo kama lita 1 na nusu kwa siku. Kwa watu wanne na siku tatu ni lita 18. Kinyesi tukikadiria robo kilo kwa siku ni kilo 3 hivi. Jumla 21. Sasa weka choo cha kuflashi. Mara sita kwa siku, nusu lita kila mara, ni lita 3 kwa mtu mmoja, lita 36 kwa wote. Jumla mpya ni 57.

Tazama vizuri namba hizo. Zaidi ya nusu ya maji meusi si kinyesi wala mkojo. Ni maji safi tuliyoyabeba mlimani, kilo moja kwa kila lita, tukayachafua wenyewe, kisha tukatafuta pa kuyapeleka. Choo cha kubebeka cha lita 20 kingejaa siku ya pili asubuhi.

Kihisi hakijibu swali

Bila shaka nilitaka kuweka kihisi. Nilichukua ESP32, nikaunganisha kihisi cha mawimbi ya sauti kinachopima umbali kutoka kifuniko hadi juu ya maji, nikaandika mistari michache, simu ikaonyesha asilimia. Kwenye tangi la maji safi kilifanya kazi vizuri. Kwenye tangi la kijivu kilidanganywa na povu la sabuni. Wenye magari makubwa huko Marekani wanajua shida inayofanana na hiyo: tishu na uchafu hugandia kwenye vihisi vya ukutani, na taa inasema tangi limejaa hata baada ya kulimwaga. Nikaishia kuweka vielea viwili vya bei rahisi, kimoja kwenye nusu na kingine karibu na juu.

Lakini hata kihisi kizuri kinajibu swali moja tu: limejaa kiasi gani? Swali gumu ni jingine: likijaa, linakwenda wapi? Tangi ni bafa. Kazi ya bafa ni kushika data kwa muda hadi msomaji wa upande wa pili awe tayari. Kama upande wa pili hakuna msomaji, hujatatua kitu, umeahirisha tu. Kila mtu aliyewahi kuandika programu ya foleni analijua hilo.

Upande wa pili ni watu

Wamagana nyumba zetu hazimwagi kwenye bomba la pamoja la maji taka. Kila boma lina choo cha shimo au tangi lake la chini ya ardhi. Mjini Nyeri kuna mitambo ya kusafisha maji taka ya NYEWASCO, Kangemi na Gatei-ini, na kwa kawaida malori ya kunyonya maji taka hupeleka mzigo kwenye mitambo kama hiyo. Lori moja kwa ajili ya lita 57 ni gharama ya kuchekesha. Kwa hiyo mpango wa mdogo wangu ulikuwa rahisi: tununue choo cha kuflashi chenye dawa ya bluu, tukirudi tumwage kwenye tangi la mama. Alikuwa pia anawaza Krismasi, kukodisha gari kwa wageni, na wageni wanapenda kuflashi.

Mama alikuwa anachambua mboga, tukadhani hasikii. Huniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Baba," akasema, "hiyo dawa ya bluu inafanya nini?"

Nikamweleza kwamba inazuia harufu. Nyingi za zamani zilitumia formalini, nyingine hutumia dawa nyingine za kuua vijidudu. Zikiua vijidudu, harufu inapungua.

"Na kwenye tangi langu ni nini kinachokula uchafu?"

Ni vijidudu, mama. Tangi la nyumbani lina kazi moja: mazito yanatuama chini, mafuta yanaelea juu, bakteria wasiohitaji hewa wanameng'enya taratibu, na maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kunywea. Ukimimina dawa kali kwa mkupuo kwenye tangi dogo, unawapiga wafanyakazi wote. Mazito yanaanza kutoka pamoja na maji, yanaziba shimo la kunywea, na yale yanayopita hayajasafishwa.

"Basi haiingii kwangu. Huko chini watu wanachota maji kwenye chemchemi. Wakiugua, ni nani atashuka kuwaambia ni sisi?"

Mdogo wangu akajaribu. "Mama, basi tumwage hukohuko juu. Ni msitu mtupu."

"Huo msitu mtupu ndio unaokunywesha chai."

Hapo mjadala uliisha, na kusema kweli hakuna mhandisi ambaye angelieleza vizuri zaidi. Mto Chania unaopita Nyeri unatoka kule juu. Gura pia. Maji ya mteremko huu wa mashariki yanaingia Sagana, yanakuwa Tana, yanajaza bwawa la Masinga, yanapita Garissa na Hola, hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Juu kwenye nyika ya mlima baridi ni kali, na baridi hupunguza kasi ya bakteria. Ulichokiacha huko hakiozi haraka kama kwenye shamba la ndizi. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya. Kama chupa tupu ina makosa, ndoo ya choo je?

Tulichofanya

Tuliondoa tangi la maji meusi kabisa. Badala yake tuna choo kikavu cha kukalia chenye njia mbili. Mbele mkojo unaingia kwenye mtungi wa lita 10 wenye kifuniko. Nyuma kuna ndoo, na kila baada ya kutumia unamwaga kikombe cha unga wa mbao uliochanganywa na majivu. Hakuna maji, hakuna dawa. Lita 57 zimerudi kuwa 21, na ndani yake hakuna kitu cha kuua tangi la mtu. Harufu husababishwa zaidi na mkojo na kinyesi kukaa pamoja, hivyo kutenganisha ni nusu ya dawa.

Nusu nyingine ni bomba. Kutoka kwenye ndoo tumepitisha bomba jembamba hadi paani, na juu tumefunga wavu. Si ugunduzi wetu. Ni kanuni ya choo cha VIP, kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970: upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa chafu, na nzi anayefuata mwanga anakwama kwenye wavu.

Maji ya kijivu yana mtungi wa lita 90. Chujio la kitambaa kwenye sinki linashika mabaki ya chakula, maana mabaki ndiyo yanayooza na kunuka. Tukifika nyumbani yanaingia kwenye shimo la kokoto kando ya migomba. Mkojo tunauchanganya na maji, sehemu moja kwa tano, nao unaenda kwenye migomba hiyohiyo, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuvuna. Ndoo inaingia kwenye shimo la choo la zamani, ambalo liko zaidi ya mita 30 kutoka chemchemi. Mama alipima mwenyewe kwa hatua, mimi nikapima tena kwa kamba.

Gharama ipo. Watu wawili waliouliza bei ya kukodisha waliacha waliposikia hakuna kuflashi. Mdogo wangu bado ananitazama kwa jicho moja.

Lakini tulikwenda. Usiku mbili, watu wanne. Kielea cha juu hakikuwaka hata mara moja. Usiku wa kwanza nilimsikia mama akiamka, akajihudumia bila kumwita mtu, akarudi kulala. Kesho yake tulimshika mkono hadi mahali pa kutazamia maporomoko ya Karuru, yanayoshuka mita 273 kwa ngazi tatu. Akauliza kama hayo ndiyo maji yetu. Nikamwambia hapana, hayo yanaingia Gura na kupita upande wa Othaya. Akasema, "Basi ni ya wenyewe," akakaa chini kuyatazama.

Kwa walio ughaibuni wenye magari ya matangi matatu

1. Vali ya maji meusi ifungwe hadi tangi lijae theluthi mbili hivi. Ukiiacha wazi, maji yanatoka na mazito yanabaki yakirundikana.
2. Mwaga meusi kwanza, kijivu baadaye, ili maji ya sabuni yasuuze bomba.
3. Glavu lazima. Mpira wa kusuuzia usiguse kamwe bomba la maji ya kunywa.
4. Kama mwisho wa safari ni tangi la nyumba ya mtu, usitumie dawa ya kuua vijidudu.
5. Kabla ya kuwasha gari, jua jina la mahali utakapomwaga. Ukikosa jina, punguza mzigo au ahirisha safari.

Mchoro wa choo na kodi ya vielea nitaviweka wiki ijayo, Mungu akipenda. Mdogo wangu anadai ana njia ya kuuza choo kikavu kwa wageni wa Krismasi. Mwenye wazo la kumsaidia aniandikie. Siku njema.