Uzio wa alizeti pori uliozidi kimo

Uzio ulikuwa umelipita paa la jiko. Miaka minne nyuma ulikuwa vijiti tu, ambavyo bibi wa nyumba hiyo alivichomeka ardhini mara mvua za Novemba zilipoanza, kwenye kiwanja kisicho mbali na barabara kuu inayopita Ushirombo, wilayani Bukombe. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Bibi alitaka kitu cha kuwazuia wajukuu wasikimbilie barabarani, na pesa ya matofali haikuwepo. Mwanawe yuko machimboni, na mchimbaji mdogo hutuma pesa siku akipata.

Vijiti vile vilikuwa vya alizeti pori, na vilishika vyote. Mvua za mwaka wa pili zilipokatika, nyumba ilikuwa na ukuta wa kijani wenye maua ya njano, na wapita njia walisimama kuusifia.

Mmea huu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ni ndugu wa alizeti tunayokamua mafuta, ila ile ya shambani hufa baada ya msimu mmoja, na hii huishi miaka mingi. Ukiikata, kisiki huchipua. Kijiti chake kikilala kwenye udongo wenye unyevu, huota mizizi. Ikiachwa hufika mita 2 hadi 3, na mbegu zake nyepesi husambazwa na upepo, maji na miguu ya mifugo.

Nyumba hii iliuacha uzio ukue. Kufikia mwaka wa nne njia ya chooni ilikuwa na giza hata saa kumi jioni. Mbaya zaidi, majani yote yalikuwa yamepanda juu kufuata jua, na chini yakabaki mashina matupu yenye nafasi za kupitisha mbuzi. Siku moja mkwe wa bibi, akiwa jikoni, alisikia bodaboda ikifunga breki kwa nguvu. Alipotoka mbio, alimkuta mwanawe wa mwisho, wa miaka mitatu, amesimama ukingoni mwa njia ng'ambo ya uzio. Alikuwa amepenya katikati ya mashina. Mama yake hakuwa amemwona, kwa sababu uzio ule ule uliokuwa wazi chini ulikuwa umemziba macho juu.

Jioni hiyo mkwe alijaribu kuzungumza.

"Mama, huu uzio tuupunguze kidogo?"

"Ukiukata, mtoto akichemka usiku utampa nini?" bibi alijibu.

Mkwe alinyamaza. Alijua jibu lile lilikotoka. Bibi alilea watoto wake zamani, wakati kituo cha afya kilikuwa safari ya siku nzima kwa miguu. Homa ikija, alichemsha majani ya miti michungu, na waliopona walipona mikononi mwake. Kwake alizeti pori ilikuwa uzio na kabati la dawa kwa pamoja, na mtu hawezi kufyeka kabati la dawa la mama mkwe wake.

Wiki chache baadaye homa ilikuja. Mtoto yule yule alianza kutetemeka baada ya chakula cha usiku. Bibi alichuma majani gizani, akachemsha, akampa nusu kikombe. Mtoto alitapika. Alipotulia akapewa tena. Alfajiri mwili wake ulikuwa umelegea na aligoma kunywa hata maji. Mkwe akamfunga mgongoni kwa kanga bila kuuliza mtu. Alipofika mlangoni alimkuta bibi ameshavaa viatu.

Kwenye zahanati mhudumu alimchoma mtoto kidoleni, akadondosha damu kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika chache mstari wa malaria ukaonekana. Kisha akauliza swali ambalo wazazi wengi hulikwepa: "Nyumbani mmempa nini?"

Mkwe alitazama chini. Bibi ndiye aliyejibu, akaeleza majani na kiasi alichotoa.

"Umefanya vizuri kusema, bibi," mhudumu alisema. "Wengi hunificha, nami nikashindwa kujua anayetapika anatapishwa na nini."

Hakumkemea. Alimweleza kwamba wanasayansi wamekuta kwenye majani hayo kemikali inayodhuru vimelea vya malaria katika maabara, hivyo wazee hawakuota ndoto. Tatizo ni kwamba kemikali hiyo hiyo hudhuru pia seli za mwili, na majaribio kwa panya yameonyesha ini na figo kuathirika. Hakuna kipimo kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto. Kikombe cha leo kinaweza kuwa chepesi, cha kesho kikawa kikali mara kadhaa, kutegemea majani na muda wa kuchemsha.

Kubwa kuliko yote ni muda. Malaria kali inaweza kumgeuza mtoto mdogo ndani ya saa 24. Usiku mmoja wa kusubiri majani yafanye kazi unaweza kuwa ndio usiku uliohitajika kumwokoa. Na huku Geita hatari hiyo si ya kufikirika. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta takriban watoto 17 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo wakiwa na vimelea, wakati kwa Tanzania Bara kwa ujumla walikuwa kama 7.

Mtoto alipewa dawa mseto, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula. Siku ya pili aliomba uji. Dawa walimalizia, ingawa alikuwa ameshaanza kukimbia.

Siku ya nne bibi alichukua panga. Hakuna aliyemwambia. Alianzia upande wa jiko, akakata kila shina kwa mshazari, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Pale palipokuwa na mashina matupu alishuka hadi chini ya goti, maana alijua kwa uzoefu kwamba shina huchipua karibu na lilipokatwa, na anayetaka uzio mnene chini sharti akate chini.

Mkwe alikusanya matawi. Alivaa shati la mikono mirefu, kwa kuwa majani haya huwawasha baadhi ya watu. Matawi mabichi hawakuyatupa pembezoni mwa mfereji, ambako yangeota upya. Waliyatandaza juani kwenye mawe hadi yakakauka. Mashina magumu yakawa kuni. Majani na vichipukizi laini walivikatakata, wakavifukia kwenye matuta ya mchicha na matembele.

Faida ya majani hayo imepimwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa magharibi mwa Kenya walikuta majani makavu ya alizeti pori yana wastani wa asilimia 3.5 ya nitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu. Huoza haraka ardhini, tofauti na mabua ya mahindi. Kwa shamba kubwa kazi ya kukata na kubeba huwa nzito mno, lakini kwa matuta matatu nyuma ya jiko inatosha mama mmoja na ndoo. Ni mboga za watoto wale wale.

Tangu siku hiyo nyumba ina utaratibu. Wakati wa mvua uzio hukatwa kila baada ya miezi miwili hivi. Wakati wa kiangazi huachwa upumue. Maua huruhusiwa kidogo kwa ajili ya macho, lakini vichwa hukatwa kabla havijakauka na kumwaga mbegu kwenye shamba la jirani. Kinachoota nje ya mstari hung'olewa na mizizi yake kingali kidogo.

Kimo nacho kina kanuni. Mkwe akiwa amesimama jikoni, lazima aone upande wa pili. Uzio ukifika kwenye macho yake, zamu ya panga imefika.

Kukata uzio hakukuondoa malaria Ushirombo, na mzazi asidanganyike kwamba kufyeka kichaka kunatosha. Mbu wanaoambukiza malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama: madimbwi ya mvua, mashimo yaliyochimbwa matofali, mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi. Watoto wa nyumba hii bado wanalala ndani ya chandarua, na mama yao bado anafukia madimbwi yaliyo karibu na mlango.

Kilichobadilika kilionekana mwezi wa Machi, dada wa yule mtoto alipoamka usiku akiwa wa moto. Mkwe alitoka chumbani akamkuta bibi uani na tochi mkononi, amesimama kando ya uzio. Kwa muda mfupi alidhani ni yale yale. Bibi alikuwa anamulika njia.

"Mfunike vizuri, mwanangu, tuondoke," alisema. "Wakimpima kwanza ndipo tutajua."