Simba, omena na vikombe vitatu

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina habari ya mbwa, ingawa mwishowe mtaona nimerudi kule kule kwenye hitilafu.

Mbwa wetu anaitwa Simba (najua, nusu ya mbwa wa Kenya wanaitwa hivyo). Ana miaka 11. Nilipokwenda nyumbani Limuru likizo ya Disemba, baba alinipokea na malalamiko: mbwa amezeeka, mgeni anaingia getini naye anamtazama tu. Ameamua kutafuta mwingine. Kuhusu Simba mwenyewe hakusema kitu, nami sikuuliza. Kwetu mbwa ni askari wa boma, na askari asiyefanya kazi mnajua anakoishia.

Nikataka kujua kama akili bado zipo. Nikachukua vikombe 3 vya plastiki, nikafunika omena mmoja chini ya kimoja, nikamwonyesha kwa kidole. Mchezo huu aliuweza tangu akiwa mdogo. Sasa akaenda kikombe cha kushoto. Tena kushoto. Katika mara 10 alipatia 3, yaani sawa na kubahatisha. Roho iliniuma.

Usiku usingizi ukakataa. Je, kama kosa limo kwenye jaribio lenyewe? Nikamkumbuka Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kwamba anajua hesabu, hadi mwaka 1907 Oskar Pfungst alipoeleza kuwa alikuwa akisoma miondoko ya muulizaji. Asipomwona muulizaji, hesabu nazo zilipotea. Basi miaka yote hiyo huenda Simba hakuwa akinusa. Alikuwa akifuata kidole changu!

Asubuhi nikamwangalia macho kwenye jua. Mboni zote mbili zilikuwa na ukungu mweupe. Daktari wa mifugo akasema ni mtoto wa jicho.

Lakini pua je, mbona nayo ilikosea? Hapo kosa lilikuwa langu kabisa. Kikombe cha kushoto ndicho nilichoanza nacho, na kilikuwa kimeshika harufu. Vidole vyangu navyo vilinuka omena, nikavipaka vyote. Nikaviosha kwa sabuni, nikavitoboa juu kwa msumari wa moto ili harufu ipite, omena nikawashika kwa kijiti. Dada yangu mdogo alificha kisha akatoka nje, mimi nikahesabu bila kujua yuko wapi. Baba alikuwa kando na gazeti, akijifanya hatazami.

Simba alisimama kwanza, kama aliyeshangaa kwamba hakuna anayemwelekeza. Kisha akashusha pua. Akapita cha kwanza, akapita cha pili, akarudi, akakiangusha cha pili. Mara 9 kati ya 10. Mkia wake sikuwa nimeuona ukichezacheza hivyo siku nyingi.

Jumapili iliyopita baba alinipigia simu. Hakuniuliza kazi wala afya.

"Yule wa nyuma ya tangi amempata," akasema. "Sasa nifiche wapi?"